Mchore Akianguka Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kubuni Mhusika wa Katuni za Kuvunja Mbavu

Mpe mtu penseli umwambie achore katuni, ataanza na macho. Macho makubwa, tabasamu, nywele, kisha mwili unaning'inizwa chini ya shingo kama shati kwenye msumari. Picha yenyewe huenda ikapendeza, lakini mhusika hana uhai. Ukitaka akimbie, hajui pa kuweka miguu. Ukitaka ateleze, anaanguka kama ubao.

Mwongozo huu unapita njia ya upande wa pili. Tunaanza na anguko, uso tunauacha hadi karibu na mwisho. Mhusika wa vichekesho vya mwili anajulikana kwa namna anavyopoteza mhimili, na umbo lake lote lazima lijengwe kwa ajili ya dakika hiyo. Nimechora kwa njia zote mbili, na hii ndiyo pekee iliyonipa wahusika wanaotembea wenyewe kwenye karatasi.

Tutamjenga mhusika mmoja hatua kwa hatua ili usipotee. Fuata, lakini kila mahali nimwekapo wangu, wewe weka wako.

Vifaa

Rimu ya karatasi nyeupe za A4, penseli HB na 2B, ufutio, kalamu nyeusi ya wino, kioo kidogo cha kujitazama. Usinunue daftari la bei kubwa. Karatasi ya ghali humtia mtu hofu ya kukosea, na kazi hii inadai makosa mengi. Simu au kompyuta utaihitaji mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Tazama bila sauti

Tafuta filamu fupi za Charlie Chaplin na Buster Keaton, waigizaji wa vichekesho wa enzi ya filamu bubu, uzime hata ule muziki uliowekwa juu yake. Chaplin alimtoa yule mzururaji wake mwenye fimbo na viatu vikubwa mwaka 1914. Mwaka huohuo Winsor McCay aliwaonyesha Wamarekani dinosaria aliyemchora kwa mkono, Gertie, ambaye alikaidi amri na kulia alipokaripiwa. Vichekesho vya mwili na vibonzo vilikua nyumba moja. Otto Messmer alichora vibonzo vya Chaplin kabla ya paka Felix kutokea mwaka 1919, na mwendo wa Chaplin ukahamia kwenye miguu ya Felix. Kwa hiyo usijifunze katuni kwa kutazama katuni peke yake. Rudi kwa waigizaji ambao wachoraji wenyewe waliwatazama.

Chagua anguko moja. Litazame mara tatu, kisha chora vijimtu vitatu vya vijiti: kabla ya kuanguka, katikati, na baada. Utagundua kitu ambacho jicho la kawaida hukiruka: kabla ya mwili kwenda mbele, huenda nyuma. Anayetaka kuruka huchuchumaa kwanza. Anayetaka kukimbia kulia hujivuta kushoto. Bila maandalizi hayo mtazamaji haoni tendo, anaona tu kwamba kitu kimebadilika.

Hatua ya 2: Anataka nini, na nini kitamzuia?

Andika sentensi moja. Isipoenea kwenye mstari mmoja, bado hujampata.

Wangu ni huyu. Mzee Shwari amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, anakwenda harusini. Simu inaita kutoka jikoni kwa kina mama: "Shikamoo babu! Ukija tuletee mbuzi." Wao wanataka mbuzi ya kukunia nazi. Yeye ameelewa mbuzi mwenye pembe. Basi anamkokota beberu mmoja mkaidi mtaa mzima, na huku anataka afike na kanzu isiyo na doa.

Hapo mna mambo mawili yasiyokaa pamoja, kanzu safi na beberu, na kila kichekesho kitatoka kwenye mgongano huo. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kimekaa ndani ya Kiswahili chenyewe. Angeambiwa "mbuzi ya" badala ya "mbuzi" tu, tusingekuwa na hadithi. Tafuta na wewe chako kwenye maneno, nguo na vyombo unavyoishi navyo. Ukianza na paka anayemfukuza panya, umeanza kwenye uwanja ambao William Hanna na Joseph Barbera, waundaji wa Tom na Jerry, waliulima tangu mwaka 1940, na utajikuta unachora wahusika wao bila kukusudia.

Jambo moja la kupima kwa makini: anayeanguka lazima awe na kitu cha kupoteza. Mlevi akianguka mtaroni ni huzuni. Mtu aliyejipamba, anayepima kila hatua, akianguka mtaroni, pale watu hucheka. Hatumcheki Mzee Shwari kwa uzee wake wala kwa vazi lake. Tunacheka juhudi yake, kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kuvaa nyeupe siku ya mvua.

Mbuzi naye anahitaji jina na haja yake. Anaitwa Chokochoko, na anachotaka ni kula kofia ya mzee. Mpinzani asiye na haja yake mwenyewe hugeuka kuwa kizuizi tu, kama jiwe.

Hatua ya 3: Mstari wa mwendo

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Kama una wiki moja tu ya kujifunza, siku nne zitumie hapa.

Kila mkao mzuri una mstari mmoja unaopita kutoka utosini hadi kisiginoni. Unaweza kuwa umenyooka, umepinda kama upinde, au umejipinda mara mbili kama nyoka. Weka saa dakika 10 na uchore mistari 30 ya namna hiyo, kisha juu ya kila mmoja ongeza kichwa cha duara, mikono na miguu ya vijiti. Hakuna macho. Hakuna vidole. Ukijikuta unafuta, unachora polepole mno.

Ukimaliza, zungushia ile mitano inayokusimulia kitu. Kwa Mzee Shwari nilipata hivi: akiwa ametulia, mstari wake umenyooka kama bakora yake. Akivuta kamba, unakuwa upinde uliolala mbele, kisigino cha nyuma kimekita ardhini. Akianza kuteleza, ule upinde unageuka ghafla upande wa pili, tumbo mbele na kichwa nyuma. Mabadiliko hayo kutoka upinde mmoja kwenda mwingine ndiyo anguko lenyewe. Ukiweka picha hizo mbili bega kwa bega, mtu ataanza kutabasamu kabla hujachora uso.

Sasa weka wahusika wawili. Mzee analalia mbele, Chokochoko analalia nyuma, na katikati kuna kamba. Kamba ikinyooka, wanavutana. Ikilegea na kubonyea katikati, mmoja ameachia na msiba uko njiani. Wachoraji wapya huisahau kamba na kuichora ilimradi ipo, wakati yenyewe peke yake inaweza kusimulia nani anashinda. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kinachowaunganisha wahusika wawili: ngazi, ubao, shuka, mkono wa mlango.

Hatua ya 4: Maumbo

Sasa ivishe mistari nyama. Studio za miaka ya 1920 zilipenda duara kwa sababu ni rahisi kulirudia mara mia bila kubadilika, na halina upande unaokuharibikia likizungushwa. Duara hutoa upole, mraba hutoa ukaidi, pembetatu hutoa hatari au wepesi. Hizo ni kanuni za kuanzia tu.

Mzee Shwari ni kengele ndefu: kanzu nyembamba mabegani, pana chini. Kichwa ni yai lililosimama, kofia ni ngoma fupi juu yake. Chini yanachungulia makubazi mawili. Kanzu inanisaidia mno kwa sababu inaficha magoti, kwa hiyo miguu inapochanganyikana naonyesha upindo wa nguo ukiyumba badala ya kuhangaika na mapaja. Chokochoko ni gunia la mraba juu ya vijiti vinne, na pembetatu mbili za pembe. Mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mzito. Wachekeshaji wa filamu Stan Laurel na Oliver Hardy walijulikana hata wakiwa mbali kwa tofauti ya maumbo, Laurel mwembamba na Hardy mnene.

Amua pia kuhusu viungo. Vibonzo vya miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 vilikuwa na mikono na miguu kama mipira ya kumwagilia maua, haina kiwiko wala goti. Inachorwa haraka na inacheza vizuri na muziki. Viungo vyenye mifupa huonyesha uzito na maumivu zaidi. Mimi nimempa mzee viwiko na mbuzi nimempa miguu ya mpira: mmoja dunia inamuumiza, mwingine haimgusi. Chagua unavyoona, lakini ukishachagua usibadili katikati ya hadithi.

Hatua ya 5: Jaribio la kivuli

Chukua mikao mitano uliyozungushia, ijaze yote wino mweusi bila mstari wowote ndani, umwonyeshe mtu ambaye hajui kisa chako. Muulize anaona nini. Akisema "mtu anavuta mnyama mbishi", endelea. Akisema "sijui, mti?", tatizo liko kwenye mkono uliopita mbele ya kifua au bakora iliyojificha nyuma ya mwili. Toa mikono nje ya mwili, acha nafasi nyeupe kati ya kiwiko na kiuno. Usiruke hatua hii. Wino na rangi haziwezi kuokoa mkao usiosomeka ukiwa kivuli.

Hatua ya 6: Uzito, kwa mfuko wa unga

Weka mezani mfuko wa unga wa sembe wa kilo 2, uliofunguliwa na kupungua kidogo. Uegemeze, udondoshe, uukunje, na kila mara uuchore. Wachoraji wa Disney walifanya zoezi hili hili la mfuko wa unga uliojaa nusu, kwa sababu mfuko hauna uso na bado unaweza kuonekana umechoka, umeshtuka au unaringa.

Angalia jambo moja: ukiugandamiza, unapanuka pembeni. Ukiuvuta, unakuwa mwembamba. Unga ni uleule. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi Disney kwa miaka mingi, waliorodhesha kanuni 12 za vibonzo mwaka 1981, na hii ya kubonyea na kurefuka ndiyo waliyoitaja kwanza. Ukimrefusha Mzee Shwari anapovutwa na kamba bila kumpunguza upana, hatavutika, ataonekana ameongezewa nyama. Akitua chini, mbonyeze awe mfupi na mpana kwa mchoro mmoja au miwili tu, halafu mrudishe.

Hatua ya 7: Mikono, na jambo tusilopaswa kulirithi

Vidole vinne vinatosha, vitatu na gumba. Katuni za zamani zilifanya hivyo kuokoa muda, na mkono wenye vidole vitano vinono hugeuka haraka kuwa mkungu wa ndizi. Zile glavu nyeupe zilikuwa na kazi pia. Mickey Mouse alipotokea kwenye sinema Novemba 1928 hakuwa nazo, alizivaa mwaka 1929, na zilisaidia mkono mweusi uonekane ukiwa mbele ya mwili mweusi.

Lakini glavu hizo, pamoja na mdomo mpana uliozungushiwa weupe na macho ya kutumbua, zinafanana na kitu kingine: maonyesho ya Marekani ya karne ya 19 ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwadhihaki watu weusi. Mengi yaliingia kwenye vibonzo vya mwanzo, na katuni kadhaa za wakati ule ziliwachora Waafrika kwa dharau ya wazi. Nasisitiza hili kwa sababu anayeanza huiga mtindo mzima bila kuchambua, na ghafla anamchora babu yake kwa sura iliyobuniwa kumtukana. Chukua mwendo, chukua mpangilio wa muda, chukua ujasiri wa umbo. Sura itoe kwenye kioo chako na kwenye nyuso za mtaani kwako.

Hatua ya 8: Uso

Sasa ndiyo. Jitazame kwenye kioo, ukunje uso, uchore nyusi na mdomo tu. Nyusi hubeba nusu ya kazi, mdomo hubeba robo, na macho hubeba kinachobaki. Ukitaka ladha ya miaka ya 1930, chora mboni nyeusi ya mviringo iliyokatwa kipande kama keki. Kipande hicho ni mng'ao wa mwanga, na kinaonyesha anatazama wapi.

Ushauri wangu mkubwa hapa unatoka kwa Buster Keaton. Mwaka 1928 ukuta mzima wa mbele wa nyumba ulimwangukia, naye akabaki hai kwa kuwa alisimama pale hasa ambapo dirisha lililo wazi lilipita. Ukuta ulikuwa wa kweli. Uso wake haukuonyesha kitu, na ndiyo maana tukio linakaa akilini. Mzee Shwari nimempa uso wa mistari tisa, ambao haubadiliki dunia inapomporomokea. Nyusi moja tu hupanda. Chokochoko ndiye anayeonyesha kila kitu, na anatafuna wakati wote. Mmoja atulie, mwingine achangamke. Wote wawili wakipiga kelele kwa nyuso, mtazamaji hajui amtazame nani.

Hatua ya 9: Kichekesho na hesabu ya muda

Waigizaji wa Italia wa karne ya 16 walitumia fimbo ya vibao viwili vilivyogongana na kutoa mlio mkubwa bila kumuumiza anayepigwa. Jina la Kiingereza la vichekesho hivi, "slapstick", limetokana na fimbo hiyo. Mlio mkubwa, jeraha dogo: shika hapo. Damu ikitoka, kicheko kimekwisha. Nyota kuzunguka kichwa, kofia kuruka na kanzu kugeuka rangi ya matope vinatosha.

Gawa tukio sehemu tatu: maandalizi, tendo, na tokeo. Anayeanza hutumia nguvu zote kwenye tendo, wakati kicheko hutoka kwenye zile mbili nyingine. Chuck Jones, aliyemleta mbweha wa jangwani anayemkimbiza ndege mwaka 1949, alipohesabu anguko la mbweha kwenye genge alitumia picha 18 za filamu mpaka apotee machoni na picha 14 zaidi mpaka kishindo. Kwake picha 13 au 15 hazikuchekesha. Kimya kile cha kusubiri kishindo ndicho kichekesho.

Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, lakini kila mchoro unaweza kukaa picha mbili, kwa hiyo michoro 12 inatosha sekunde moja. Hii hapa hesabu ya Mzee Shwari na dimbwi la matope, nafasi moja ikiwa picha mbili. Anatembea hatua mbili, michoro 12. Anasita ukingoni, kidole cha mguu kikipima maji: mchoro mmoja uliokaa nafasi 6. Chokochoko anamsukuma, anaanguka: michoro 3. Kishindo na kubonyea: michoro 2. Kisha kimya, ameketi wima ndani ya tope, nyusi moja juu: mchoro mmoja uliokaa nafasi 12. Jumla nafasi 35, chini kidogo ya sekunde tatu, na umechora michoro 19 tu. Anguko na kishindo ndivyo vifupi kuliko vyote, na usivirefushe.

Hatua ya 10: Karatasi ya vielelezo

Karatasi moja yenye mhusika akiwa mbele, ubavu, nyuma na mshazari, wote kwenye mistari ileile ya urefu. Gawa urefu kwa vichwa: Mzee Shwari ana vichwa vinne, Chokochoko anamfika kiunoni. Chora wawili hao pamoja angalau mara moja, la sivyo mbuzi atakua na kusinyaa kila ukurasa. Ongeza mikono mitano na nyuso tano. Basi.

Hatua ya 11: Je, ni wako kweli?

Mweleze mtu mhusika wako bila kutaja katuni nyingine yoyote. Ukilazimika kusema "ni kama fulani, ila ana kofia", rudi hatua ya 2. Kuhusu sheria, filamu ya kwanza ya Mickey iliyoonyeshwa mwaka 1928 iliachwa huru Marekani tarehe 1 Januari 2024, lakini hapo mwanzo ilikuwa sura ile ya mwaka 1928 tu. Filamu za mwaka 1929 zilifuata mwaka 2025, sura za karibuni zaidi bado zinalindwa, jina la biashara lina ulinzi wake, na nchi nyingine zina sheria zao. Mbinu za kuchora, kama mboni ya keki au mikono ya mpira, hazina mwenyewe. Wako utamlinda kwa kuandika tarehe na jina lako kwenye kila mchoro tangu siku ya kwanza, na kutunza zile karatasi chafu.

Hatua ya 12: Mpe uhai

Chukua kidaftari kidogo chenye karatasi nyembamba. Anza na ukurasa wa mwisho, chora mchoro wa kwanza hapo, kisha shusha ukurasa wa juu yake uone mchoro wa chini ukipenya na ufuatishe kwa kusogeza kidogo. Endelea hivyo kuja mbele, halafu achia kurasa kwa gumba kutoka nyuma. Ukitaka kwenye kifaa, FlipaClip inatosha kwa simu, na Krita ni programu ya bure ya kompyuta yenye sehemu ya vibonzo. Lakini fanya kidaftari kwanza, gumba lako litakufundisha mwendo kuliko kitufe.

Tukio la mwisho la mzee wangu lina michoro michache. Amefika mlango wa jikoni, kanzu ni ya kahawia kuanzia kola hadi upindo, kofia haipo. Kina mama wanamtazama. Mmoja anaonyesha kwa kidole furushi la nazi zilizopasuliwa, kisha anatoa kimya kimya kile kigoda cha kukunia nazi alichoazima kwa jirani. Nafasi 12 za kimya. Nyusi moja inapanda. Mchoro wa mwisho: Chokochoko anatafuna ukingo wa kofia, naye mbuzi amekaa juu ya mbuzi.